Chuo kiko Indiana, mwanafunzi yuko Wete: nijaze ninaishi wapi?

Muuguzi wa Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni muuguzi mwenye stashahada, na nimekubaliwa kusomea shahada ya uuguzi kwa njia ya mtandao katika chuo kikuu kimoja cha jimbo la Indiana, Marekani. Mume wangu anafanya kazi Columbus, Ohio, na tunatarajia, inshaallah, nimfuate kabla sijamaliza masomo. Fomu ya chuo inaniuliza nitakuwa wapi wakati wa kusoma, na chini yake pameandikwa kwamba chuo kimo katika mapatano yanayoitwa SARA. Nilidhani chuo kikishasajiliwa kwao kinaweza kumfundisha mtu yeyote, popote alipo. Je, nikijaza Ohio, kwa kuwa ndiko ninakoelekea, nitakuwa nimekosea? Na ikiwa safari haitatimia, shahada hiyo itatambuliwa hapa nyumbani?

Mshauri wa masomo, Unguja

Waalaykum salaam dada yangu. Usijaze Ohio, jaza Wete, kwa sababu ndipo ulipo. Marekani haina wizara moja inayoruhusu vyuo kufundisha nchi nzima. Kila jimbo lina mamlaka juu ya elimu inayotolewa kwa watu waliomo ndani ya mipaka yake, hata kama mwalimu yuko mbali na masomo yanapita kwenye intaneti. Kwa hiyo kinachotazamwa ni mahali alipo mwanafunzi, na si uraia wake wala anuani ya chuo. Zamani chuo kilichotaka kufundisha katika majimbo mengi kililazimika kuomba ruhusa jimbo kwa jimbo, kwa ada na masharti tofauti, na usumbufu huo ndio uliozaa SARA: jimbo mwanachama hukipa chuo chake kibali, na majimbo mengine wanachama hukubali kibali hicho. Wamo majimbo 49, pamoja na Washington D.C., Puerto Rico na Visiwa vya Virgin vya Marekani. California haimo, nayo ina utaratibu wake.

Mapatano hayo hayavuki mipaka ya Marekani. Ukiwa Wete, SARA haikuhusu kwa lolote, hata kwa malalamiko. Ukifika Ohio ndipo itakapokugusa, na ukiwa na lalamiko utaanza na chuo chenyewe, kisha mamlaka ya Indiana. Ndiyo maana ninakusihi uandike ukweli sasa, na siku utakayohama ukiarifu chuo kwa maandishi.

Kuhusu nyumbani, elimu ya juu ni jambo la Muungano, hivyo anayetambua shahada za nje ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwa Unguja na Pemba pia. Waulize kabla hujalipa ada. Hakikisha vilevile kwamba chuo kina ithibati, yaani uthibitisho wa ubora wa elimu yake, ambayo ni jambo jingine kabisa na ruhusa ya jimbo. Vyuo vingi vya Indiana hupata ithibati kutoka shirika liitwalo Higher Learning Commission, na orodha yake iko wazi kwa kila mtu.

Mpemba wa Columbus

Ninaongeza jambo lililoniumiza mwenyewe. Ruhusa ya chuo kufundisha haikupi wewe leseni ya kufanya kazi. Nilianza kozi ya ualimu kwa mtandao nikiwa Ohio, kisha nikahamia jimbo jingine kwa kaka yangu, na chuo changu hakikuniambia kwamba kozi ile haikukidhi masharti ya leseni ya huko. Nilirudia muhula mzima, kwa fedha zilizochangwa na wazee. Kanuni za serikali kuu zilizoanza kutumika tarehe 1 Julai 2020 zinavitaka vyuo vieleze ni majimbo gani ambako kozi ya taaluma inakidhi masharti ya leseni na yapi haikidhi. Omba maelezo hayo kwa maandishi, ukiitaja Ohio kwa jina.

Uuguzi una ugumu wake. Kozi nyingi za kuwaendeleza wauguzi kutoka stashahada hadi shahada zimewekwa kwa watu ambao tayari wana leseni ya Marekani. Soma tena barua yako ya kukubaliwa, dada, uone kama sharti hilo limo. Leseni ya huku haipatikani bila mtihani wa NCLEX, na usajili wako wa nyumbani hautoshi peke yake.

Muuguzi wa Wete

Ahsanteni sana, Mungu awalipe kheri. Nimeisoma barua upya na sharti la leseni limo, katika ukurasa wa pili, kwa maandishi madogo niliyoyapita. Nimewaandikia leo kuwauliza kama wanamkubali muuguzi aliyesajiliwa Zanzibar tu, na sitalipa chochote mpaka wajibu.

Mshauri wa masomo, Unguja

Vyema. Waulize pia mafunzo ya vitendo yatafanyika wapi, maana chuo cha Indiana hakiwezi kukupangia wodi Pemba bila idhini ya hospitali na ya wizara ya afya ya hapa.