Shahada ya sheria ilimfaa nini marehemu Samuel Sitta bungeni?

Mwalimu wa Uraia, Masasi

Salaam ndugu zangu. Ninafundisha Uraia katika shule ya sekondari hapa Masasi, na klabu yetu ya midahalo imepangiwa mada isemayo kwamba mwanasheria ndiye anayefaa zaidi kuwa mbunge. Upande unaoitetea umemchagua marehemu Samuel Sitta kuwa mfano wao mkuu, na wamekusanya mengi juu yake: alizaliwa Urambo, Tabora, Desemba 1942, akahitimu sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1971, akaingia bungeni mwaka 1975, akawa waziri kwa nyakati mbalimbali, akawa Spika kuanzia mwishoni mwa 2005 hadi 2010, akaongoza Bunge Maalumu la Katiba mwaka 2014, akafariki Munich, Ujerumani, Novemba 2016.

Shida ni kwamba tulipomaliza kuandika yote hayo ubaoni, binti mmoja wa kidato cha tatu aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, hii shahada aliitumia wapi?" Nilijikuta nimeshika chaki bila neno la kuandika. Ukiifuta sheria katika orodha ile ukaweka kilimo, mengine yote yanabaki vilevile. Tena Katiba yetu, ibara ya 67, haidai shahada yoyote: inataka mgombea awe raia aliyetimiza miaka 21, anayejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na aliyependekezwa na chama cha siasa. Naomba msaada wenu, hasa kwa wanaoufahamu utaratibu wa Bunge kwa ndani.

Wakili, Mtwara Mjini

Mwalimu, binti huyo mtunze vizuri.

Kabla ya kufika bungeni, waulize wanafunzi wako kwa nini mtu aliyezaliwa 1942 alihitimu 1971, akiwa na miaka 28. Sehemu ya jibu ni Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, yaliyowataka wahitimu walitumikie taifa huku wakikatwa sehemu kubwa ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao wanafunzi karibu 400, na Sitta alikuwa miongoni mwao. Siku hiyohiyo Nyerere alijipunguzia mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kijana aliyeonja adhabu ya namna hiyo, kisha akarudi darasani kumalizia sheria, nadhani aliisoma kwa jicho tofauti na sisi tulioisoma ili tupate ajira.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Watu wengi hudhani sheria humsaidia mbunge kusema vizuri, lakini wasemaji hodari tunao hata sokoni. Kwa Sitta, sheria ilionekana mahali ambapo kamera hazikai, yaani kwenye Kanuni za Bunge. Katika uspika wake zilitoka Kanuni za Kudumu za mwaka 2007, ambazo ndizo zilizoleta maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu kila Alhamisi. Kabla ya hapo swali liliandikwa, likapelekwa mapema, likajibiwa na wataalamu wa wizara, na waziri akaja kusoma tu. Mwaka 2008 ikapitishwa Sheria ya Utawala wa Bunge, iliyoupa mhimili huo mfuko wake na uendeshaji wake. Nao wapinzani wakakabidhiwa uenyekiti wa kamati zinazokagua hesabu za Serikali.

Kisha soma habari za Richmond, kampuni iliyopewa mkataba wa umeme wa dharura mwaka 2006. Bunge liliunda Kamati Teule ya kuuchunguza mkataba huo Novemba 2007. Kamati Teule ina meno, kwa sababu sheria ya mwaka 1988 inayohusu kinga, madaraka na haki za Bunge inairuhusu kuita mashahidi na kudai nyaraka. Mwenyekiti wake alikuwa Dk. Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela, naye mwanasheria aliyewahi kufundisha chuo kikuu. Taarifa iliposomwa Februari 2008, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu pamoja na mawaziri wawili, na Baraza la Mawaziri likavunjwa. Ukiisoma taarifa ile katika kumbukumbu rasmi za Bunge utaona imepangwa kama hukumu: hadidu za rejea, ushahidi, matokeo, mapendekezo. Hapo ndipo shahada ilipofanya kazi, Mwalimu. Mpe binti ukurasa huo.

Mkulima wa korosho, Newala

Wakili, nakuheshimu, lakini umetupeleka Dodoma ukasahau kuturudisha Kusini.

Juni 2018 nilikuwa kwenye ghala la chama chetu cha msingi, nimekalia mfuko wa salfa, tunasikiliza redio ya mzee mmoja ambaye hataki mtu mwingine aiguse. Mjadala ulikuwa juu ya ushuru wa korosho zinazouzwa nje zikiwa ghafi. Sheria ya Tasnia ya Korosho ilikuwa inasema asilimia 65 ya ushuru huo iende kuendeleza zao na asilimia 35 iende Serikalini, na Muswada wa Sheria ya Fedha ulikuja kubadilisha kifungu hicho ili fedha zote ziingie Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wetu wa Lindi na Mtwara, wengi wao si wanasheria, walikichambua kifungu hadi mzee yule akaongeza sauti ya redio. Kifungu walikijua. Kilichowashinda ni kura, na muswada ukapita.

Kwa hiyo mimi ningewashauri wanaopinga mada washike hapo. Mbunge anaweza kukodi mwanasheria wa kumsomea muswada, lakini wenzake wa kupiga nao kura hakodi. Na Sitta mwenyewe, pamoja na sheria yake yote, mwaka 2010 hakurudi kwenye kiti cha Spika, kwa sababu chama chake kiliamua kusimamisha majina ya wanawake watupu, ndipo akapatikana Anne Makinda. Kanuni ipi ingemwokoa?

Karani mstaafu wa mahakama, Lindi

Nimekaa mahakamani miaka mingi nikiandika majalada, na jambo moja nimeliona: anayeijua njia ya kuingilia huijua pia njia ya kumzuia mwingine asitoke. Wakili ametaja Kanuni za 2007 akanyamazia za 2014.

Katika Bunge Maalumu la Katiba, wajumbe wa UKAWA, yaani umoja wa vyama vya upinzani, walitoka nje mwezi Aprili. Rasimu ya Katiba ilihitaji theluthi mbili ya kura za wajumbe wa kila upande wa Muungano, na hesabu ya Zanzibar ilikuwa inabana kama kiatu kipya. Zikabadilishwa kanuni ili wajumbe waliokuwa nje ya nchi, wakiwemo waliokwenda Hija, waweze kupiga kura wakiwa hukohuko. Katiba Inayopendekezwa ikapita Oktoba 2014. Kura ya maoni ilipangwa Aprili 2015, na haikufanyika.

Mimi simhukumu marehemu. Ninasema tu kwamba ustadi ulioifungua milango mwaka 2007 ni uleule uliotumika mwaka 2014, na mwanafunzi anayemtaja kwa la kwanza hana budi awe tayari kuulizwa la pili.

Wakili, Mtwara Mjini

Shikamoo mzee wangu. Hilo la 2014 sikulinyamazia kwa hila, nilikuwa namtetea mteja. Nakubali limo kwenye jalada.

Mwalimu wa Uraia, Masasi

Nawashukuru sana. Nimechapisha maelezo yenu nikayagawa jana jioni, na sehemu ya mzee wa Lindi ndiyo iliyosomwa mara mbili. Binti yule alikuwa msemaji wa pili wa upande unaotetea. Leo asubuhi amenikuta kwenye ofisi ya walimu akaomba mambo mawili: nakala ya Kanuni za Bunge, na ruhusa ya kuhamia upande unaopinga. Mdahalo ni Ijumaa, na upande unaotetea umeshalalamika kwamba ameondoka na karatasi zao.