Nilizidisha siku Marekani 2018, sasa mke wangu ananiombea visa ya ndoa, je nimeshaharibu?

Kijana_wa_Likoni

Asalaam aleikum ndugu zangu, poleni stori ni ndefu kidogo lakini nataka mtu aliyepitia haya aniambie ukweli. Niko Mombasa. 2017 mwezi wa sita tarehe 10 niliingia Marekani kwa visa ya kutembea, nikafikia kwa binamu yangu, nia ilikuwa miezi mitatu nirudi. Mara baba akaugua akalazwa, bili ya hospitali kila siku inapanda, nikaona wacha nibaki nifanye vibarua nitume pesa, nikaosha magari nikabeba mizigo kwa ghala, mpaka 2018 Septemba tarehe 3 nikarudi mwenyewe kwa tiketi yangu. Sikukamatwa wala sikupelekwa kortini. Na visa kwenye pasipoti ilikuwa bado haijaisha siku naondoka, kwa hivyo nilijiona niko sawa.

2023 nimeoa. Mke wangu ni mtu wa huku huku Kisauni lakini ni raia wa Marekani sasa, ni nesi Texas, nikaha tulifunga hapa na cheti cha kadhi tunacho. I-130, ile fomu ya mke kuniombea, imeshapita, tuko NVC (kituo chao cha visa) tunajaza DS-260, fomu ya kuomba visa ya kuhamia, tumefika kwenye swali kama nilishawahi kukaa kule kupita muda niliopewa. Ajenti mmoja hapa mjini anasema niandike hapana, eti Wamarekani hawapigi muhuri mtu akitoka kwa hivyo hawana ushahidi. Binamu naye anasema nikiandika ndio nafungiwa kuingia Marekani miaka 10. Mke analia kwa simu kila usiku, mtoto wetu ana miezi minane nimempakata wiki mbili tu. Nifuate ya nani?

Dereva_Dallas

Bro usiogope kabisa, mimi nilizidisha miaka minne nikaoa sitizeni hapa hapa, tukajaza I-485, fomu ya kuomba grinkadi ukiwa ndani, na grinkadi nikapata, hata hawakunisumbua na hayo mambo ya siku. Ukioa raia wanasamehe.

MamaZu_MN

Kaka Dereva nakuheshimu lakini hiyo ni kesi nyingine kabisa, tusimpoteze mwenzetu. Wewe uliingia kwa visa, ukaolea ndani, hukutoka. Mwenzi wa raia aliyeingia kihalali anaruhusiwa kumalizia humo humo hata kama siku zilipita. Kule kufungiwa kuingia kunaanza pale mtu ANAPOTOKA nje ya nchi. Na nyie mnaosoma ambao bado mko ndani na siku zimeshapita mwaka, tafadhali msikimbilie nyumbani kwenye msiba au harusi kabla hamjaongea na wakili, nimeona mtu kaenda kumzika mama yake akajikuta amefungiwa miaka 10 na watoto wake wako huku.

Sasa Kijana, visa ni ya kubisha hodi tu mdogo wangu. Unakaa mpaka lini inasema I-94, ile rekodi ya kuingia kwako, na mtalii kwa kawaida anapewa miezi sita. Kama uliingia Juni 10 basi nadhani yako iliisha kwenye Desemba 9. Ingia tovuti ya I-94 ya CBP (watu wa forodha na mipaka) utafute tarehe yako halisi usikisie. Halafu hesabu kuanzia siku ya pili yake mpaka ulipopanda ndege. Sheria iko hivi: ukizidisha zaidi ya siku 180 lakini hujafika mwaka, ukatoka mwenyewe kabla hawajakufungulia kesi, unafungiwa miaka 3. Ukifika mwaka au zaidi ni 10. Siku 180 au chini yake hufungiwi.

Mimi nimekuhesabia kwa kalenda nikapata kama siku 267. Hiyo ni miaka 3, siyo 10, na inahesabiwa tangu siku uliyotoka. Ulitoka Septemba 2018, kwa hiyo iliisha Septemba 2021, kabla hata hujaoa! Kama tarehe zako ni hizo huhitaji hata I-601, fomu ya kuomba msamaha wa kufungiwa.

Kijana_wa_Likoni

Dada MamaZu mikono inatetemeka naandika hapa. Yaani miaka mitano nimebeba huu mzigo nikijua ni 10. Kwa hivyo naandika ndio?

MamaZu_MN

Andika NDIO, na weka tarehe zote kama zilivyo. Huyo ajenti anataka kukuzika. Ni kweli hawana muhuri wa kutokea lakini mashirika ya ndege yanawapelekea majina ya abiria, wanajua ulitoka lini. Kosa lako la siku limeshaisha lenyewe, ukidanganya sasa unatengeneza kosa jipya la udanganyifu na hilo halina mwisho wa miaka, ni la maisha mpaka uombe msamaha na upewe. Unatoka kwenye zero unaenda kujichimbia shimo.

Nasema kwa uchungu kwa sababu mume wangu alizidisha miezi 14, yeye aliingia kwenye ile ya 10 kweli. Intavyuu yake Dar walimkatalia hapo hapo wakampa karatasi kwamba anaweza kuomba msamaha. Kwenye I-601 hawaangalii yeye anateseka vipi, wanaangalia mimi raia nitateseka kiasi gani, yaani mwenzi au mzazi ambaye ni raia au ana grinkadi. Watoto hawahesabiwi peke yao, inabidi uonyeshe jinsi mzigo wa watoto unavyokuangukia wewe. Na kusema nammiss haitoshi, kila mtu anammiss mumewe. Mimi nilipeleka ripoti za daktari za mama yangu aliyepata kiharusi naishi naye, malipo ya nyumba, ratiba zangu za kazi za usiku, barua ya mwalimu wa mwanangu, lundo. Ilichukua zaidi ya mwaka lakini alikuja.

Tanga_Raha

Kijana nina swali moja muhimu kuliko yote na wengi hawaulizi. Kule ghalani ulijaza ile fomu ya kazi I-9? Kuna kiboksi cha kusema wewe ni raia wa Marekani. Kama ulikitiki basi simama hapo hapo utafute wakili kabla ya kutuma chochote, kujifanya raia ni mlango uliofungwa na kwa mtu anayeomba grinkadi hakuna msamaha, hata uwe na mke na watoto kumi. Kufanya vibarua tu bila kibali hakukufungi kwenye visa ya ndoa kupitia embasi, ila ukiulizwa sema.

Kijana_wa_Likoni

Hapana wallahi, nililipwa keshi kote kote, sikujaza fomu yoyote wala sikutumia karatasi za mtu.

Tanga_Raha

Alhamdulillah. Basi kusanya ushahidi wa tarehe. Pasipoti ya zamani usitupe, ule muhuri wa kuingia Kenya Septemba 2018 ndio rafiki yako. Ukipata hata boding pasi au risiti ya tiketi kwenye imeili, printi.

Nuru_Nairobi

Naongezea tu, wanafunzi wa visa ya F-1 msichukue hesabu hii mkajipima nayo, nyinyi mara nyingi mnaandikiwa D/S (yaani muda wote wa masomo) badala ya tarehe na siku zenu zinahesabiwa kivingine. Kijana, cheti cha tabia njema cha DCI (idara ya upelelezi) omba mapema, na kwenye intavyuu hapa Nairobi tegemea wakuulize hiyo 2018 na wakuulize ndoa kwa kina, maana mtu aliyewahi kuzidisha wanamtazama mara mbili kama ndoa ni ya kweli. Beba picha za nikaha, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, meseji, pesa mnazotumiana. Jibu kwa ufupi, baba aliugua nikabaki nikarudi mwenyewe, usianze kujitetea.

Kijana_wa_Likoni

Nimeingia ile tovuti nikakosa safari ya 2017, pengine nimekosea namba ya pasipoti ya zamani. Iko kwa mama Likoni, navuka feri kesho asubuhi naifuata. Mke nimemsomea majibu yenu yote kwa simu, leo amelala. Ajenti nimemwambia anirudishie faili langu.

MamaZu_MN

Ukiiona ile tarehe iandike hapa tuhesabu tena pamoja. Ikigoma mke aombe rekodi zako kwa FOIA, sheria yao ya kuomba taarifa za serikali, na lipieni wakili wa uhamiaji mwenye leseni saa moja tu aipitie DS-260 kabla hamjabonyeza kutuma.