Tupeane uzoefu: umewahi kutembelea chuo cha kazi za mikono za asili? Uliona nini karakanani?

Mleta mada (Mombasa)
Wadau, salaam. Naona wengi wakifika vyuo hivi huishia dukani: mtu anashika kofia, anauliza bei, anapiga picha, huyo anaondoka. Dukani utaona kazi iliyokwisha. Ufundi wenyewe uko ndani, kwa wanaojifunza. Naanza na yangu, nanyi mlete zenu.

Nilikwenda Kituo cha Utamaduni wa Waswahili, kilicho chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, nikaketi upande wa wachongaji wa milango. Mwanafunzi mpya hapewi mlango. Anapewa kipande cha ubao na ua moja la waridi, alichonge, kisha alichonge tena. Mchoro unahamishiwa ubaoni kwa penseli, patasi inafuata mstari, bobari, patasi yenye makali ya mviringo, inashika penye kona za duara, halafu mbao ya pembeni inateremshwa kidogo kidogo hadi ua linabaki limeinuka. Fundi alinionyesha nyuzi za mbao zinakoelekea. Ukipiga kinyume chake, ukingo wa ua unabanduka na hakuna gundi ya kuuficha.

Waliokwisha kukomaa walikuwa kwenye mfaa, ule mti wa katikati unaofunika mahali mabawa mawili ya mlango yanapokutana. Kijana mmoja alileta kazi yake. Fundi akapitisha kidole gumba juu ya nakshi, akasimama mahali pamoja, akamtazama. Kijana akarudi mezani bila kuambiwa neno. Tangu siku hiyo, nikipita penye mlango wa zamani Mji wa Kale, macho yangu yanakwenda moja kwa moja kwenye mfaa.

Mchangiaji, Pemba
Ahsante mleta mada. Kwetu darasa la ukili halina jengo kubwa, ni baraza na bibi zetu wenye subira. Niliwapeleka wanangu wakaone. Walidhani mkeka unasukwa mzima mzima! Kumbe makuti machanga ya mkindu yanakaushwa juani, yanachanwa, mengine yanachemshwa na rangi, yanaloweshwa yasikatike, ndipo unasukwa utepe mrefu. Huo utepe ndio ukili, na mkeka unapatikana kwa kushona ukili pembeni ya ukili. Bibi mmoja alikuwa anasuka huku anazungumza nasi, hatazami mikono yake hata kidogo. Nilisikitika kuona wasichana waliokuja kujifunza ni wachache. Bei ya mkeka haijalipa jasho lile, na mnunuzi bado anaomba apunguziwe.

Mchangiaji, Nairobi
Mimi nilitoka nje kidogo, nikafika Osogbo, Nigeria, kwenye kituo cha msanii Nike Davies-Okundaye. Vijana wanafundishwa pale bila ada, na wengi ni wanawake. Niliwakuta kwenye adire, kitambaa cha Wayoruba. Wanapika uji mzito wa muhogo, wanachora nao juu ya kitambaa kwa unyoya wa kuku, ukikauka wanakichovya kwenye nili, rangi ya buluu. Penye uji rangi haipenyi. Wanachovya, wanaanika, wanachovya tena, buluu inazidi kukolea. Uji ukiondolewa, michoro inatokea myeupe. Nilifurahi mno! Muhogo tunao, kuku tunao, na vitambaa tunavivaa kila siku. Kwa nini wenzetu wa hapa wasiende kujifunza kwao?

Mchangiaji, Dar es Salaam
Watu wanaijua TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kwa ngoma na tamasha tu. Pale pana uchongaji na uchoraji pia, tangu ikiitwa Chuo cha Sanaa. Pitieni.

Mchangiaji, Tanga
Swali kwa mleta mada: mgeni anaruhusiwa kushika patasi? Binti yangu ana mkono mzuri wa kuchora, nataka nimpeleke likizo hii.

Mleta mada (Mombasa)
Dada wa Tanga, ruhusa ni ya mwalimu, si ya mlangoni. Piga simu kwanza, maana likizo yako huenda ikawa likizo yao pia. Nendeni asubuhi siku ya kazi, Ijumaa mchana epukeni. Avae viatu vya kufunika, patasi huanguka. Aje na daftari lake la michoro, amwonyeshe fundi kabla ya kuomba chochote. Akipendezwa nayo, atampa ubao mwenyewe. Picha za wanafunzi ombeni kwanza. Na mkinunua kitu, ulizeni kimefanywa na nani, mumpe mkono.