Mchanaji anayejitegemea abaki Dodoma au ahamie Dar es Salaam?

Mchanaji wa Nkuhungu

Naomba tujadiliane bila matusi. Serikali imehamia Dodoma, wizara zimejengwa Mtumba, na tangu 2024 treni ya umeme inatufikisha Dar es Salaam kwa muda usiofika saa nne. Lakini muziki haujahama. Kila anayenitakia mema ananiambia kwamba nikitaka kusikika nikapange chumba Sinza au Kinondoni, nikae karibu na redio kubwa, karibu na maprodyuza wenye majina, karibu na watu wanaojuana na watu. Mimi nasema hapana, ila ningependa kusikia hoja zenu.

Kwa wasionifahamu, nimezaliwa Mpwapwa, nimekulia Nkuhungu hapa Dodoma, mchana ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, usiku nachana hip-hop. Hip-hop iliingia nyumbani kwetu kupitia kanda za kaka yangu, enzi ambazo Profesa Jay ndiyo kwanza alikuwa amesimama peke yake baada ya kundi la Hard Blasters. Kaka hakutaka niguse redio yake, hivyo nilijifunza mistari kwa kusikilizia ukutani, na nadhani ndiyo maana mpaka leo nasikia besi kabla ya kusikia maneno.

Mistari yangu huanzia kazini. Siandiki. Grinda ikishanguruma huwezi kumsikia hata aliyesimama ubavuni mwako, kichwa kinabaki na wewe tu, nami nauzungusha mstari mmoja mpaka ukae mahali pake. Usiofika nami jioni nauacha uende. Usiku naegemeza godoro mlangoni, natundika blanketi dirishani, nafungua programu ya biti na kurekodi. Wimbo wangu wa karibuni uko kwenye mapigo 88 kwa dakika, na umejengwa juu ya ilimba, ile ala ya Kigogo ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ya mjomba wangu wa Bahi, niliyoirekodi kwa simu.

Niliupeleka wimbo huo kwenye studio moja ya Dar es Salaam kwa ajili ya miksi, ukarudi ukiwa safi kupita kiasi. Ilimba ina matundu yaliyozibwa kwa utando wa buibui, na vyuma vyake huvishwa vipete vidogo. Ndivyo vinavyoipa ule mvumo wenye mkwaruzo. Fundi mitambo aliuona mkwaruzo huo kuwa kelele, akaufuta wote. Mjomba aliposikiliza aliuliza ni nani huyo anayepiga. Kwangu hiyo ni sababu tosha ya kubaki. Semeni.

Kaka wa Temeke

Mdogo wangu, pole kwa buibui wako, lakini ulichokieleza ni kosa la fundi mmoja na wewe umeligeuza kuwa kosa la jiji zima. Sugu alitoka Mbeya, Fid Q Mwanza, Joh Makini Arusha, Afande Sele Morogoro, na wote majina yao yalikuzwa na studio na redio za Dar es Salaam. Huko Dodoma hakujawahi kuwa na hip-hop. Kuna vumbi, zabibu na Bunge. Na kuhusu hayo marimba, tuambizane ukweli kwa sababu hapa ni mahali pa ukweli: ni mapambo. Mtu huweka ala ya asili ili Wazungu wapige makofi pale mistari yake inaposhindwa kusimama yenyewe.

Binti Makole

Kaka wa Temeke, hilo neno mapambo naomba ulirudishe ulikolitoa. Kwa miaka mingi taifa zima lilikuwa likinyamaza kusubiri taarifa ya habari ya Redio Tanzania, na kilichowanyamazisha, Temeke mkiwemo, kilikuwa ngoma ya Mzee Morris Nyunyusa, Mgogo asiyeona, wa hapahapa Dodoma. Hayo nayo yalikuwa mapambo kwa ajili ya Wazungu?

Na kwa kuwa umeligusa Bunge, nikukumbushe kwamba Sugu alikaa bungeni hapa Dodoma kuanzia 2010 hadi 2020, na Profesa Jay akamfuata 2015 kwa tiketi ya Mikumi. Nakubali kwamba hip-hop hiyo ililetwa na kura, haikuletwa na studio, lakini vumbi letu waliling'uta viatuni kama sisi wengine.

Mwana wa Arusha

Mimi pia limenichoma hilo la mapambo, kwa sababu ndilo waliloambiwa kundi la X Plastaz walipoanza kuchanganya michano na sauti za Kimasai, na waliolisema ni watu ambao leo wanajivunia kwamba muziki wa Tanzania ulifika majukwaa ya Ulaya mapema. Watu wale walikuwa wa Arusha, wakabaki na Arusha yao midomoni. Hata hivyo nisimdanganye mchanaji: Arusha kulikuwa na kundi zima la vijana waliokuwa wakisikilizana na kukosoana. Ukiwa peke yako Nkuhungu na godoro lako, nani anakwambia kwamba ubeti wa pili umepwaya?

Mwalimu wa Kongwa

Nimesoma kwa makini, nikakwama kwenye neno moja la kijana wetu: "Siandiki." Limesemwa kwa fahari, nami nafundisha Kiswahili, hivyo siwezi kulipita. Mshairi wa tarbia anakupa mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita iliyogawanyika nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho vikaoana, na hapo bado hujamuuliza maana. Kazi hiyo haifanyiki kwenye grinda. Vijana wa kufokafoka wanashika vina vya mwisho tu, wanaongeza "yoo" mahali walipoishiwa, kisha wanasema huo ni ushairi mpya.

Jambo la pili nililitarajia lisemwe na wengine, lakini naona mnagombania mapambo. Huyo mjomba wa Bahi amelipwa nini?

Mchanaji wa Nkuhungu

Mwalimu, shikamoo. Nimesema siandiki, sijasema sihesabu. Mstari wangu unakaa ndani ya mapigo manne, na silabi zinaweza kuwa tisa au kumi na nane kutegemea nataka ukimbie au utembee. Kinachonifunga ni ngoma ya pili na ya nne, na nikikosea hapo hata mtoto wa shule anasikia kwamba nimejikwaa. Vina navipanga katikati pia, tena mara nyingine vitatu katika mstari mmoja. Waimbaji wa Kigogo wanaobadilishana sauti kwenye ngoma za mavuno hawakuwahi kuandika nukta, na hakuna mwalimu aliyesimama kuwaambia kwamba kazi yao haijafanyika. Neno "yoo" halimo katika wimbo wangu wowote; naomba uusikilize kwanza ndipo uusahihishe.

Kaka wa Temeke

Mnaona? Nimeuliza habari ya soko, nimejibiwa kwa ngoma za mavuno. Tena mchanaji anazungumza kana kwamba hip-hop ilizaliwa Bahi. Ilianza New York 1979, studio, kwenye rekodi iliyouzwa dukani. Biashara ilikuwemo tangu siku ya kwanza. Anayesema anaipenda hip-hop lakini hataki soko haijui historia yake.

Mpika Biti

Hapana, hapo lazima nikusahihishe. Mwaka 1979 ndipo rekodi ya kwanza ya kuchana ilipovuma kibiashara. Hip-hop yenyewe watu huihesabu kuanzia tarehe 11 Agosti 1973, kwenye sherehe iliyoandaliwa na binti mmoja, Cindy Campbell, katika ukumbi wa jengo la kupangisha namba 1520, barabara ya Sedgwick, Bronx. Aliyepiga muziki ni kaka yake, Kool Herc, kijana aliyetoka Jamaika. Alichokifanya ni kutafuta kile kipande ambacho waimbaji wananyamaza na ngoma zinabaki peke yake, akakirefusha kwa kutumia nakala mbili za santuri moja, kwa sababu aliona wachezaji wanakisubiri. Hakukuwa na studio wala redio. (Ni mwaka uleule ambao TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma. Wenzetu wa Bronx walitekeleza haraka zaidi.)

Sasa kwa mchanaji. Nimeusikiliza wimbo. Ilimba haikupangwa kwa sauti za kinanda, nawe umeweka besi ya kinanda chini yake. Sauti za tatu za ilimba na za besi zinagombana, na mtu asiyejua ala hiyo atadhani mjomba ndiye aliyekosea.

Mwalimu wa Kongwa

Swali langu la malipo limeruka tena.

Binti Makole

Mwalimu, kabla ya malipo naomba ufafanue hilo neno "kufokafoka", maana wengine tumekwenda chuo kikuu hapa UDOM na kuandika tasnifu juu ya lugha ya wasanii hawa, na tuliwakuta wakitumia methali, mafumbo na takriri kwa ustadi ambao vitabu vyenu vya kidato cha pili vinautamani tu. Mnalalamika kwamba vijana hawasomi ushairi, na anayeuishi kila siku kazini mnamwita mfokaji.

Mwalimu wa Kongwa

Dada yangu, neno hilo sikulibuni mimi. Lilitumika magazetini na redioni tangu muziki huo ulipoingia nchini, miaka ambayo Saleh Jabir alikuwa akitia maneno ya Kiswahili kwenye nyimbo za Wamarekani. Kama limewachukiza naliweka kando. Ila vitabu vyetu viache, kwa maana ndivyo vilivyokupa hizo takriri na mafumbo unayoyataja.

Kaka wa Temeke

Mwalimu na dada wamalizane. Nirudi kwenye swali ambalo mwenye mada mwenyewe ameanza kulikimbia. Mmemtaja Nyunyusa, mimi nawatajia Hukwe Zawose, mwanamuziki mkubwa kuliko wote waliowahi kutoka kwenu. Alibaki Dodoma? Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam miaka ya sitini, akaishi Bagamoyo, akafundisha chuo cha sanaa pale, na amefariki hukohuko 2003. Dunia ilimjua kwa sababu alisogea pwani. Kama bingwa wa ilimba alihama, mpwa wa mpigaji ilimba anasubiri nini?

Mwana wa Arusha

Kaka, kwa mara ya kwanza umeleta hoja, lakini ulisema ilimba ni mapambo. Sasa imekuwa sanaa ya bingwa? Chagua moja.

Mchanaji wa Nkuhungu

Nitamjibu, kwa sababu Zawose kwetu hatajwi ovyo. Alihama, ni kweli, ila alihama na ilimba na zeze lake, na alipofika mpaka kurekodi na lebo ya Real World ya Peter Gabriel kule Uingereza aliimba Kigogo, kwa ile sauti yake iliyokuwa ikishuka shimoni na kupanda mpaka juu kabisa. Sikilizeni kazi zake: mkwaruzo upo. Fundi wa Uingereza aliuacha. Wa Dar es Salaam, aliyezaliwa nchi moja na ala hiyo, aliufuta. Tangu asubuhi nimeeleza jambo hili nanyi mnagombania neno "mapambo" na neno "kufokafoka".

Mpika Biti, besi nimeisikia. Sitaki kuipandisha ilimba ifuate kompyuta. Nitaishusha besi ifuate ilimba, sauti moja baada ya nyingine, hata kama nitakesha.

Mpika Biti

Hiyo ndiyo njia, ila usishushe besi nzima kwa kiasi kimoja, kwa kuwa vyuma vya ilimba havijatofautiana na kinanda kwa kiwango kilekile. Mwambie mjomba apige chuma kimoja kimoja, polepole, akiacha sauti ife yenyewe, kisha urekodi kila kimoja peke yake. Ukiwa navyo hivyo, besi unaipangia noti kwa noti. Na simu iweke mbali kidogo. Ukiisogeza sana unapata vipete tu na mbao inapotea.

Kaka wa Temeke

Vizuri sana, mmepata besi. Kodi ya nyumba nani atalipa? Mtandaoni mtu anasikilizwa mara elfu moja na malipo yake hayanunui hata mfuko wa unga.

Binti Makole

Na akihamia Sinza kodi italipwa na nani? Huko atalipa ya juu zaidi, bila mageti ya kuchomelea na bila jirani anayemfahamu. Kama tatizo ni malipo madogo ya mtandaoni, hayapandi kwa sababu msikilizaji amebonyeza ukiwa Kinondoni. Swali ambalo lingetufaa ni kwa nini redio zilizoko hapa Dodoma, zinazopata matangazo ya hapa Dodoma, zinasubiri wimbo wa kijana wa Nkuhungu ukapigwe kwanza Dar es Salaam ndipo nazo ziupige.

Mwana wa Arusha

Hilo la redio lina mada yake, na watangazaji wenyewe wana majibu wasiyopenda kuyatoa hadharani.

Mwalimu wa Kongwa

Nauliza kwa mara nyingine, na safari hii nitaliweka kisheria ili lisipite. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua mpigaji kwa namna yake, mbali na mtunzi, na haikuzisahau sanaa za jadi. Kijana anaeleza jinsi utando wa buibui ulivyofutwa, nami nimemwonea huruma; lakini mtu mwenye ala, mwenye mkono na mwenye kipigo hana jina katika habari yote hii isipokuwa "mjomba". Akisajili wimbo COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi yetu, ataandika nini? Fundi wa Dar es Salaam alifuta mkwaruzo. Asije yeye akamfuta mpigaji.

Mchanaji wa Nkuhungu

Mwalimu, jina lake sikuliweka hapa kwa sababu hakuniruhusu, ila kwenye wimbo limo, tena limetangulia langu. Fedha tumekubaliana nusu kwa nusu kwa chochote kitakachoingia, na mpaka sasa kilichoingia tumekinywea chai. Alichokitaka zaidi ni kwamba nikipanda jukwaani popote pasipigwe rekodi yake wakati yeye yuko hai na ana nauli.

Mwalimu wa Kongwa

Nusu kwa nusu mmeandikishana, au ni maneno ya mdomo? Maana umetuambia wewe huandiki.