Soksi za mama: nianze na uzi mpya ama nimalize kwanza zile za mguu mmoja? Na kisigino nacho kinanisumbua

Mfumaji_Lanet:

Hamjambo wadau wa sindano. Niko Lanet hapa Nakuru na naomba mnishauri kabla sijaharibu uzi mzuri.

Nilianza kufuma soksi mwaka jana mwezi wa saba. Kabla ya hapo nilikuwa nafuma tu sweta za watoto na kofia, lakini siku niliyogeuza kisigino mara ya kwanza nikaona kitambaa kinajikunja chenyewe mkononi mwangu kinakuwa kama kikombe, aki sijatamani kufuma kitu kingine tangu hiyo siku. Naamka saa kumi na moja napiga raundi kadhaa kabla ya kuwasha jiko, kwenye matatu nafuma, nikingoja foleni ya benki nafuma, na soksi inaingia kwa mkoba hata bila kukunjwa.

Sasa shida zangu. Ya kwanza ni kona za kisigino, pale stichi za kisigino zinakutana na zile za juu ya mguu, naachanga shimo kila upande mpaka kidole changu kidogo kinapita. Ya pili, zile nilizofuma kwa uzi wa akriliki wa dukani zimetoboka chini ya kisigino kabla hata ya miezi mitatu. Ya tatu niko na soksi tatu ambazo kila moja haina mwenzake, ya kijani, ya kahawia na moja ya mistari, kwa sababu nikimaliza ya kwanza naona uzi mwingine mzuri na mkono unaenda huko.

Na sasa binamu yangu ametoka Uingereza akaniletea mabonge mawili ya uzi wa soksi wenyewe, gramu 50 kila bonge, sufu asilimia 75 na naironi 25, rangi ya maziwa. Sijawahi kushika uzi kama huu. Ni mwembamba lakini ukiuvuta unarudi, na ukiweka shavuni haukwaruzi. Nataka kumfumia mamangu. Yuko Elburgon na mnajua baridi ya huko mwezi wa sita, na ana sukari, miguu inakufa ganzi, soksi za duka zinamwachia alama ya mpira kwenye mguu mpaka jioni. Ameniomba mwenyewe, na mamangu si mtu wa kuomba kitu.

Nimalize kwanza zile tatu ndio nijue nimeiva, ama nianze za mama saa hii? Na hizo kona nizifanyeje?

Mama_Wawili_Kakamega:

Mwanangu anza za mama, baridi haingojei soksi ya kijani.

Kona dawa yake ni ndogo. Sema umeanza na stichi 64, kisigino unakifuma kwa 32, mistari 32, kwenda mmoja na kurudi mmoja, na kila mwanzo wa mstari unahamisha stichi ya kwanza bila kuifuma. Hapo unapata vitanzi 16 vya pembeni kila upande. Wengi wanaokota hizo 16 halafu wanaruka kwenda juu ya mguu, na shimo linabaki palepale. Wewe okota ya 17 kutoka kwa ule uzi uliolala katikati ya kisigino na mguu, ifume ikiwa imesokotwa yaani ingiza sindano kwa nyuma yake, halafu raundi inayofuata uifume pamoja na jirani yake. Shimo linafunga.

Na kisigino chenyewe usikifume bapa kama sehemu zingine. Upande wa mbele hamisha moja fuma moja, hamisha moja fuma moja, upande wa nyuma fuma zote. Uzi unapita nyuma ya zile ulizohamisha na kitambaa kinakuwa kama kimewekwa mara mbili. Mimi ndivyo nilifundishwa na shangazi yangu na soksi zake zilikuwa zinapita kwa ndugu watatu.

Kijana_58:

Niko Section 58 hapo tu karibu na wewe. Mimi shida ya mguu mmoja niliimaliza hivi, sifungi ya kwanza mpaka nimeanzisha ya pili. Nikifika vidole vya ya kwanza nasimama, naanzisha ya pili, nafuma ule mpindo wa juu wote, ndio narudi kumaliza ya kwanza. Hiyo ya pili ikishakuwa na sentimita tano haikai tena kama kazi mpya, inakaa kama kazi iliyobaki. Na uandike kwa karatasi kila kitu, raundi ngapi za shingo, ngapi za kisigino, ulianza kupunguza wapi, kwa sababu ukirudi baada ya wiki mbili hutakumbuka na ndio maana watu wanaogopa kuanza ya pili.

Mama ana bahati una mabonge mawili ya gramu 50, bonge moja mguu mmoja, huhitaji kupima. Mwenye bonge moja la 100 aligawanye kwanza kwa mizani ya jikoni ndio mguu wa pili usikose uzi.

Mfumaji_Lanet:

Asante sana mama, asante kaka. Hiyo stichi ya 17 nimeijaribu sasa hivi kwa ile ya kahawia na kweli shimo limeisha, nimeigeuza nikaangalia mara tatu!! Lakini kaka, kuanzisha ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza nahitaji sindano zingine na niko na seti moja tu ya tano, zile za milimita 2.5 zenye ncha pande zote mbili. Hapa mjini nimezunguka maduka ya nyuzi napata tu zile nene za sweta.

Mama_Wawili_Kakamega:

Spoki za baiskeli. Wengi wetu tulijifunzia hizo. Spoki ya kawaida ni milimita 2, itakaza kidogo kuliko hiyo yako ya 2.5 kwa hivyo kwa jozi ya mama usichanganye, mguu mmoja utakuwa mdogo. Tumia spoki kwa zile za mguu mmoja, hizo zikitofautiana kidogo si neno, na seti yako nzuri ubaki nayo kwa za mama. Enda kwa fundi wa baiskeli mwambie akukatie tano za sentimita 20, zisiwe na kutu kwa sababu kutu itachora uzi, halafu unazisugua ncha kwa jiwe la kunolea kisu na kumalizia na msasa mpaka ukipitisha kwa kitambaa haikwami. Usizifanye kali sana, zitapasua uzi na kukudunga kidole.

Sista_Kisumu:

Mimi ni muuguzi Kisumu, kufuma nafumanga zamu ya usiku ikitulia. Dada, kwa mtu wa sukari ambaye miguu imekufa ganzi soksi si mambo ya joto peke yake. Yeye hasikii. Fundo dogo la uzi chini ya kidole ambalo mimi na wewe tungelitoa kwa dakika moja yeye atatembea nalo kutwa, jioni ni kidonda, na vidonda vya hiyo miguu vinapona polepole sana. Kwa hivyo nisikilize vizuri.

Usifunge fundo popote. Ukiunganisha uzi, fuma stichi kama kumi na nyuzi zote mbili zikiwa pamoja kisha uache moja, na mikia uifiche kwenye shingo ya soksi wala si kwa unyayo. Vidole usivishone kwa kukusanya, bakisha stichi 16, nane juu nane chini, uziunganishe na sindano ya kushonea ukifuata njia ya stichi zenyewe ndio pasiwe na mshono wa kupanda. Shingo isikaze. Anzisha stichi ukiwa umeshika sindano mbili pamoja halafu uvute moja utoke, ukingo unalegea. Na hiyo rangi ya maziwa ni nzuri sana, damu au maji ya kidonda yanaonekana mara moja. Weusi unaficha.

Na soksi haichukui nafasi ya macho, mwambie mama akaguliwe nyayo na katikati ya vidole kila siku, kama hawezi kuinama mjukuu amwangalilie. Akiwa tayari na kidonda ama mguu umevimba aonwe kliniki kwanza kabla ya soksi yoyote.

Mfumaji_Lanet:

Sista, hii sikuijua kabisa. Zile za akriliki nilizompa krismasi nilifunga mafundo matatu chini ya kidole gumba nikidhani ndio imara. Nimempigia simu sasa hivi nimemwambia asizivae tena, dada yangu amemwangalia miguu na kusema iko sawa. Nimekaa chini kidogo kabla ya kuandika hii.

Sista_Kisumu:

Pole dada. Umejua kabla ya kitu kutokea, na hao waliomwangalia leo wamwangalie na kesho.

Kondoo_wa_Molo:

Nafuga huku Molo na nimefurahi kuona watu wakiongea sufu. Wengi wanadhani kila kondoo ana sufu, lakini Dorper na Red Maasai ni wa nywele, hao hutasokota uzi wa kufuma. Corriedale ndio wangu, mbegu iliyotokana na Merino na Lincoln, sufu yake ni ya wastani, si laini kama ya Merino lakini kwa soksi hiyo ni faida maana Merino tupu inalika haraka kisiginoni, ndio maana hao wa Uingereza wamekuwekea naironi. Nakata mara moja kwa mwaka, na bei tunayopewa ya sufu mbichi inaumiza moyo. Nanyuki kuna akina mama wanasokota kwa mkono tangu miaka ya 1970 na uzi wao ni mzuri, natamani huku kwetu tungekuwa na kitu kama hicho.

Kuosha: uzi wa sufu ambao haujaandikwa unaweza kuingia mashine usiuguse na maji moto na usisugue, utashikana na soksi ya mama itamtosha mjukuu. Maji ya uvuguvugu, shampoo kidogo, kamua ukiwa umeviringisha ndani ya taulo, anika kivulini. Sabuni kali ya unga inakausha sufu.

Nyuzi_Kibuye:

Kuhusu uzi usingoje watu watoke ng'ambo dadangu. Mimi nachagua sweta za mitumba hapa Kibuye siku ya Jumapili, natafuta za sufu, nafumua. Geuza ndani uangalie mshono wa ubavuni. Ukiona kila upande una ukingo wake mzima na katikati kuna kauzi kamoja kanakatika, nunua. Ukiona mshono umekatwa kwa mashine na kuzungushiwa nyuzi nyingi za pembeni, iache, ukifumua utapata vipande vya sentimita hamsini hamsini na kilio. Lebo ikiwa imetoka, chomoa uzi kidogo uuchome: sufu inanuka nywele na majivu yanasagika, akriliki inayeyuka inakuwa kashanga kagumu. Ukishafumua zungushia mgongo wa kiti, funga sehemu nne, loweka maji ya uvuguvugu, tundika ukauke na ule mkunjo utatoka.

Halafu kama sweta ni sufu tupu fuatisha uzi mwembamba wa naironi kwenye kisigino na vidole, ufume zote mbili pamoja. Usichukue ule wa fundi viatu, ni mgumu, utakata sufu.

Na hizo tatu za mguu mmoja si deni kwa mtu. Ya kijani ukimpata mwenzake sawa.

Kijana_58:

Hapo sikubaliani na wewe wa Kibuye. Mtu akizoea kuacha ataacha na za mama. Ningekuwa yeye ningemaliza hata moja tu ndio mkono ujue njia ya kurudi.

Mfumaji_Lanet:

Narudi na habari. Nimesikiliza wote wawili. Ile ya kahawia nimeimalizia mwenzake kwa zile spoki, fundi wa hapa stendi amenikatia tano na kukataa pesa, akasema mamake alikuwa anafumia hizohizo. Kona hazina shimo hata moja. Imechukua siku tisa.

Za mama nimeanza Jumamosi. Dada yangu alimpima mguu pale panene, sentimita 23. Kipande changu cha kujaribu kilitoa stichi 30 kwa sentimita 10, kwa hivyo 69, nikatoa asilimia kumi ndio soksi ishike mguu, nikapata 62, nikaweka 64 igawanyike vizuri kwa nne na isimkaze. Shingo nimeanzisha na sindano mbili kama Sista alivyosema, na nimefuma mbili za mbele mbili za nyuma sentimita sita tu. Niko kwenye kisigino, ile ya kuhamisha moja fuma moja, na kwa huu uzi inatoka kama mistari ya mahindi kwenye gunzi, nene na laini. Ya pili tayari ina shingo yake, iko kwa mfuko wa pembeni imeshikwa na pini, sindano ni zilezile zinahama. Hakuna fundo mahali popote.

Nikimaliza hii ya kwanza nitaweka picha hapa.

Sista_Kisumu:

Hongera dada. Ukipiga picha uigeuze na ndani pia, upande wa vidole, ndio tuangalie pamoja kabla hujampelekea.