Dupata za Jumamosi

Kikundi: Majirani wa Ghorofa Letu, Upanga
Jumatano jioni

Mama Hetal: Majirani, habari za jioni. Shikamoo Bibi Mwanaidi. Nakumbusha tu, Ijumaa usiku ni garba, ngoma yetu ya kuzunguka, Jumamosi asubuhi ni ndoa yenyewe ya Hetal wangu. Naomba kitu kimoja: msinunue nguo mpya. Mwenye lehenga, ile sketi ndefu ya Kihindi na blauzi yake, avae ya kwake, asiye nayo apande kwangu, kabati la Hetal na la dada zake liko wazi.

Bibi Mwanaidi: Marahaba mwanangu. Mwenyezi Mungu ajaalie heri.

Neema: Asante sana Mama Hetal. Mimi ndiyo mara yangu ya kwanza. Nimeijaribu ile ya kijani uliyoniazima. Sketi imenikaa, blauzi imenikaa. Ile nguo ndefu ndiyo imenishinda. Nikiitupia begani inateleza. Nikiikamata, mkono mmoja unakuwa na kazi ya kushika nguo tu. Mnaifungaje?

Mama Salma: Hiyo ndefu ndiyo dupata. Usijali, sote tumepita hapo.

Nasra: Da Neema tuma picha tuone.

Neema: [picha]

Nasra: Rangi imekupendeza mno! Ila umeizungusha shingoni kama skafu ya baridi ya Moshi, kifua chote cha choli, hiyo blauzi, kimefichwa na nakshi hazionekani.

Mama Hetal: Neema, usianzie kwenye mtindo, anzia kwenye mikono yako. Ijumaa mikono ina kazi: makofi, kuzunguka, halafu vijiti vya dandiya. Dupata inayoning'inia itanaswa na kijiti cha mwenzio. Kwa hiyo Ijumaa vaa ya kwetu Wagujarati. Chomeka kona moja kiunoni kushoto, ndani ya mshipi wa sketi. Ipitishe nyuma mgongoni, ipande bega la kulia, ishuke mbele ikiwa imefunguka kifuani, kisha ile kona ya chini uirudishe kushoto kiunoni uipige pini. Hakuna kinachobaki kinaning'inia. Utazunguka mpaka alfajiri na itakuwa pale pale.

Neema: Bega la kulia? Kwenye sinema naona ni kushoto.

Mama Hetal: Sari nyingi zinaishia bega la kushoto na kushuka nyuma. Sisi tunaileta mbele kwa kulia ili pindo lionekane. Fundi amekaa wiki nzima anatia zari, nyuzi za dhahabu, kwenye pindo lile, ukilipeleka mgongoni anaona nani?

Mama Juma Fundi: Kabla ya yote pimeni urefu. Ile ya kijani ina mita 2 na nusu, nilishaishika mkononi, itazunguka. Zile za mita 2 zinazouzwa na seti za bei rahisi hazimzunguki mtu mzima, zinakatikia ubavuni na kona inafyatuka ukiinua mkono. Yenye mita 2 iwekwe begani tu.

Neema: Begani tu ndiyo ipi?

Nasra: Hiyo ndiyo nyepesi kuliko zote. Unakunja marinda kwa upana, matano au sita, kila moja vidole vinne hivi. Unayabana na kibanio cha nguo kwanza ili yasifunguke, unapiga pini bega la kushoto. Mbele ishuke hadi magotini, nyuma iende itakakofika. Ukitaka kiuno kionekane, vaa mkanda juu ya dupata ile ya mbele. Mimi Jumamosi nitavaa hivyo.

Mama Juma Fundi: Nasra, yako ni neti yenye mawe. Neti haikai marinda, itavimba kama chandarua. Marinda yanataka hariri ya Banaras au pamba yenye uzito kidogo, ukiyapiga pasi yanasimama. Neti iache wazi, itupie bega moja bila kukunja, pindo lifanye kazi.

Nasra: 😭 Nimeshajipiga picha nayo ya marinda.

Mama Juma Fundi: Iangalie tena hiyo picha, angalia bega.

Nasra: ... Kweli limevimba. Nitaiacha wazi.

Mama Salma: Sasa na sisi wa kujifunika? Mwaka jana kwenye harusi nyingine nilivaa hijabu ya kawaida halafu dupata juu yake begani. Nilikuwa na vitambaa viwili shingoni, joto la Dar, nikatoka ukumbini mara tatu kutafuta upepo. Sitaki yale tena.

Mama Hetal: Mama Salma, dupata yenyewe iwe ndiyo mtandio wako. Huko Kutch, India, wanawake wengi, Wahindu na Waislamu, odhni yao, yaani dupata, inaanzia kichwani. Ndani vaa kofia ile nyembamba ya hijabu, rangi ya choli. Dupata iweke katikati ya kichwa, pini mbili juu ya masikio. Upande wa kushoto uache ushuke mbele. Upande wa kulia uvushe kifuani kwa mshazari, uufikishe bega la kushoto, pini ya tatu hapo. Shingo imefunikwa, kifua kimefunikwa, na kitambaa ni kimoja.

Mama Salma: Na tumbo? Choli yangu ni fupi.

Mama Juma Fundi: Lete. Naongeza kipande cha sateni chini kishuke mpaka chini ya mshipi, na bitana mikononi. Kazi ya nusu saa. Nilimfanyia Mama Farida akasahau kwamba ilikuwa fupi.

Mama Salma: Mungu akubariki. Naishusha kesho asubuhi.

Bibi Mwanaidi: [ujumbe wa sauti, 1:38]

Nasra: Kwa walio kazini na hawawezi kusikiliza, Bibi anasema hivi: "Nyie mnahangaika na pini na jambo hili mnalijua. Nani hapa hajui kujitanda kanga? Kanga unaitupia kichwani, ncha moja inavuka na kukaa begani, unatembea sokoni na kikapu na haianguki. Haianguki kwa sababu unaijua. Dupata unaitoa kabatini asubuhi ya harusi, unataka ikutii saa hiyo hiyo. Ivaeni leo ndani ya nyumba. Pikeni... hapana, msipike nayo. Fagieni nayo, teremkeni ngazi nayo. Kufika Jumamosi itakuwa imeshajua bega lako. Na ile bandhani aliyonipa marehemu mama yake Mama Hetal, mimi naivaa kama kanga, siitoboi na pini hata moja."

Mama Hetal: Bibi bado unayo! Ile nyekundu ya vitone?

Bibi Mwanaidi: Ninayo. Naifukiza udi.

Mama Hetal: Neema, ukikutana na Bibi umuombe uiguse. Bandhani ya kweli kila kitone kilifungwa kwa uzi, kimoja kimoja, kabla ya kutiwa rangi. Uzi ukifunguliwa kitambaa kinabaki na vinundu vidogo unavisikia kwa vidole. Iliyochapwa kwa mashine ni laini moja kwa moja. Ndiyo maana bandhani haipigwi pasi sana, mikunjo ile ndiyo cheti chake.

Neema: Nilidhani zote ni za kuchapwa. Nitakuja kuigusa, Bibi.

Baba Juma: Samahanini akina mama, maji ya tangi yamebaki robo. Ijazeni ndoo kabla ya saa nne.

Mama Salma: Asante Baba Juma.

Hetal: Shikamooni wote. Naomba na mimi mnisaidie, maana nimejaribu mbele ya kioo tangu saa kumi. Ninazo dupata mbili siku ya ndoa. Ya kwanza ni ya panetari, lehenga nyeupe yenye pindo jekundu anayoleta mama. Ya pili ni gharchola ya upande wa mume, hiyo inakaa kichwani. Zote mbili nzito. Nikikaa ni sawa, nikiinama tu ya kichwani inavuta nywele zote nyuma.

Neema: Hetal, mama si yupo hapa hapa ghorofani? Bado hajakupa?

Hetal: 😊 Kwa Kigujarati mjomba anaitwa mama! Kaka yake mama ndiye mama. Panetari inaletwa na mjomba.

Neema: Kumbe! Mjomba ni mama. Nimelipenda hilo.

Mama Hetal: Kaka yangu anatua kesho kutoka Leicester, Uingereza, na mke wake. Zawadi za mjomba zote tunaziita mosalu, na panetari ndiyo kubwa kuliko zote. Gharchola inatoka kwa mama mkwe. Ni nyekundu, ina miraba ya zari, na desturi inataka miraba iwe 12 au 52. Akishafunikwa nayo, watu wote ukumbini wanajua ameshapokelewa kule.

Nasra: Deepika Padukone, yule mwigizaji wa sinema za Kihindi, alipoolewa Italia Novemba 2018 naye alifunikwa kichwa kwa dupata nyekundu, pindo lote limeandikwa dua ya Kisanskriti ya bibi harusi. Kwenye picha imetulia kichwani. Wanafanyaje?

Mama Juma Fundi: Hetal, mwanangu, tuambie nywele unafunga vipi.

Hetal: Kishungi cha chini, maua ya asumini yamezunguka.

Mama Juma Fundi: Hapo ndipo penye tatizo. Kishungi cha chini hakina cha kubeba. Mwambie msusi akuwekee kishungi kidogo cha ndani juu zaidi, karibu na utosi, nywele zipite juu yake zikifiche. Gharchola ikae nyuma ya hicho, isikae mbele ya kichwa. Halafu uzito wake usiubebe na nywele. Mabegani, upande wa ndani wa choli, nakushonea vitanzi viwili vya utepe vyenye vifungo vya kubana. Dupata inashikwa na mabega, kichwani inapumzika tu.

Hetal: Na pini?

Mama Juma Fundi: Pini kwenye zari ni kisu. Ikibidi, ipige kwenye pindo ambako nyuzi zimesongamana, isiingie kwenye wazi la kitambaa. Na kabla hujaichoma, pitisha ushanga mdogo kwenye pini mpaka ufike kule nyuma kwenye duara. Uzi hautaingia kwenye duara na kunasa. Pini ya begani ipite mpaka kwenye mkanda wa sidiria, choli peke yake itavutwa.

Mama Salma: Huo ushanga sikuwahi kuujua na nimechana dupata tatu!

Mama Hetal: Na jambo moja kubwa, Hetal, nilitaka nikuambie nyumbani lakini waache na wengine wajue. Usiibane ncha ya dupata ya panetari. Iache ncha moja huru, upande wa kulia, yenye urefu wa kutosha. Pale mandapuni, kwenye kibanda cha ibada ya ndoa, watakuja kuifunga fundo na kitambaa cha bwana harusi, na mtazunguka moto mara nne mkiwa mmefungwa. Mwaka fulani kwa ndugu zetu binti alibanwa pini kumi na mbili na mpambaji, ulipofika wakati wa fundo hakuna ncha. Dada zake walipiga magoti wanafungua pini moja moja, mwongoza ibada anasubiri, wazee wanasubiri. Binti alilia na wanja ukashuka. Sitaki hayo kwako.

Hetal: Sawa mummy. Ncha huru kulia.

Mama Hetal: Na ukizunguka moto, Nasra na binamu zako wawili watatembea nyuma wakiinua dupata na sketi. Nasra, hiyo ndiyo sababu nyingine yako isiwe inaburuza. Macho yako yawe kwenye nguo ya bibi harusi, ya kwako isikusumbue.

Nasra: Nitaifunga ya Kigujarati siku zote mbili basi. Na neti inakubali ikiwa wazi.

Mama Hetal: Hapo umenifurahisha.

Mama Juma Fundi: Neno la barabarani. Anayekuja ukumbini kwa bodaboda au bajaji, dupata ivue, ikunje, itie kwenye mfuko. Utaivaa ukifika. Kitambaa kikiingia kwenye gurudumu kinavuta shingo, sio nguo peke yake. Nawaomba sana kwa hili.

Mama Salma: Kweli kabisa. Mimi na Bibi tutapanda gari la Baba Juma, nafasi mbili zimebaki.

Neema: Naomba moja.

Bibi Mwanaidi: [ujumbe wa sauti, 0:21]

Nasra: Bibi anasema anataka kiti cha mbele, na anataka kujua kama rangi nyeupe inafaa.

Mama Hetal: Bibi, nyeupe tupu kwetu ni ya msiba. Vaa bandhani yako nyekundu.

Bibi Mwanaidi: Nyekundu si ya bibi harusi?

Mama Hetal: Ni ya bibi harusi na ya mama yangu. Ivae.

Bibi Mwanaidi: Haya mwanangu.

Mama Juma Fundi: Kesho nafungua saa mbili. Wa kwanza Hetal na vitanzi, wa pili Mama Salma na choli. Wengine pini na shanga ninazo kwenye kopo, chukueni bure. Anayetaka marinda aje na dupata yake haijapigwa pasi, nitaipiga nikiyakunja.

Neema: [picha] Nimerudia. Kona kiunoni kushoto, mgongoni, bega la kulia, mbele, kushoto tena. Nimeshuka nayo ngazi mpaka getini na kurudi kama Bibi alivyosema. Haijaanguka!

Hetal: Da Neema! Umepatia kabisa.

Mama Hetal: Geuka nione nyuma.

Neema: [picha]

Mama Hetal: Ya mgongoni ilegeze kidogo, ukiinua mikono itakukaza kwapani. Na ile kona ya mbele ishushe vidole viwili, pindo lilale juu ya nyonga.

Neema: [picha] Hivi?

Mama Hetal: Hapo hapo. Tia alama ya kalamu ya chaki, usiiguse tena mpaka Ijumaa.