Naomba ushauri: Nilimpa wifi yangu Qur'ani aanze mwenyewe, amekwama. Nianze naye vipi upya?

Dada wa Kwanza:
Asalamu alaykum wanajukwaa. Naombeni ushauri, na kama kuna la kunisema nisemeni, maana kosa naliona ni langu.

Mke wa kaka yangu amesilimu miezi mitano iliyopita. Swala anafundishwa na kaka, mimi nikasema Qur'ani nitaisimamia. Nikamletea msahafu mkubwa wenye tarjuma ya Kiswahili pembeni, jalada gumu, mzuri kwa kweli. Nikamwambia, "Anza mwanzo, soma kidogo kidogo, ukikwama niulize." Kisha nikarudi kwenye shughuli zangu.

Juzi nimeenda kwao nikaukuta msahafu juu ya kabati, umefungwa kwa kitambaa cheupe. Nikaufungua. Kijikaratasi cha alama kiko Al-Baqara aya ya 228, pale panapotajwa eda ya wanawake walioachwa. Nikamuuliza mbona umeishia hapa? Akainama, akasema taratibu: "Dada, nilidhani nitakuta habari inaanza mwanzo wa dunia na kwenda mpaka mwisho. Nakuta Adamu, mara Wana wa Israili, mara kibla, mara talaka. Nikaona akili yangu haifiki huko. Nikaogopa kukichezea kitabu cha Mungu, nikakifunga."

Kauli hiyo imenikaa rohoni wiki nzima.

La pili ni mama yake. Si Mwislamu, na hajasema anataka kusilimu. Anataka tu kujua bintiye ameingia kwenye nini. Aliniuliza kwa adabu kubwa kama anaruhusiwa kukishika kitabu chetu. Nikababaika, nikamwambia nitauliza.

Mimi nimekulia chuoni, yaani madrasa. Qur'ani niliijua kwa ulimi kabla sijajua maana ya hata aya moja, kwa hiyo mtu mzima anayekuja kwa mlango mwingine sijui anaingizwaje. Wifi nimwanzishe wapi? Mama nimpe nini? Na herufi za Kiarabu, aanze sasa au asubiri?

Msomaji Kimya:
Wa alaykumu salaam. Al-Baqara haina kosa. Tatizo liko pale ulipoandika "kisha nikarudi kwenye shughuli zangu". Rudi ukae naye.

Mpya wa Zamani:
Dada, nimesoma uzi wako nikajiona mimi mwenyewe. Nilisilimu nikiwa na miaka 31, na mimi pia nilipewa msahafu nikaachwa nao. Mwambie wifi yako kwamba akili yake ni nzima kabisa. Alikuwa anatafuta hadithi iliyopangwa kwa tarehe, na hakuna aliyemwambia kwamba hiki kitabu hakikupangwa hivyo.

Kilichonifungua mimi ni mzee mmoja aliyeniketisha na Al-Fatiha peke yake, aya 7 tu. Akanambia, "Wewe ni Mswahili, nusu ya maneno haya unayo tayari." Nikadhani ananitia moyo. Akaanza kuyachomoa moja moja. Arrahmani Rrahimi, hapo ipo *rehema*. Maliki, unasema *kumiliki*. Na'budu, ndiyo *ibada*. An'amta, ndiyo *neema*. Al-maghdhubi, ndiyo *ghadhabu*. Ilikuwa kama kuingia nyumba ya ugenini ukakuta ndugu zako wamekaa sebuleni. Siku hiyo niliacha kuogopa.

Lakini akanionya papo hapo, na hili nawe umwonye wifi: neno likifanana usidhani umeshalijua. *Yawmi ddini* si siku ya dini kwa maana yetu, ni siku ya malipo. Na *fitna* ya Qur'ani mara nyingi ni mtihani. Ukisoma kwamba mali zenu na watoto wenu ni fitna, ukachukua fitina yetu ya kusengenyana na kugombanisha watu, umepotea njia.

Ustadh wa Alifu Bee:
Wa alaykumu salaam warahmatullah. Ninafundisha watu wazima na watoto, niseme ninayoyaona kila siku.

Wahyi, yaani ufunuo, ulianza mwaka 610 katika pango la Hira kwa aya 5 za sura ya Al-Alaq, "Soma kwa jina la Mola wako aliyeumba". Ukaendelea kushuka kidogo kidogo kwa takriban miaka 23, Makka kisha Madina, mpaka karibu na kufariki kwa Mtume (s.a.w.) mwaka 632. Sura ni 114, na ukitoa Al-Fatiha, kwa jumla zile ndefu zimetangulia na fupi ziko mwisho. Al-Baqara ina aya 286 na ilishuka Madina, yaani baada ya hijra, kuhama kutoka Makka, ya mwaka 622. Ilikuta watu ambao miongoni mwao wapo waliokwisha kuamini kwa zaidi ya miaka 10. Walikuwa wamepigwa, wamesusiwa, wamehama majumba yao. Hao ndio waliopewa hukumu za talaka, wasia na madeni. Wifi yako ana miezi mitano.

Bi Aisha (r.a.), mke wa Mtume, alilisema hili waziwazi, na kauli yake iko katika kitabu cha hadithi cha Sahih Bukhari. Alisema zilizotangulia kushuka zilitaja Pepo na Moto, na watu walipotulia katika Uislamu ndipo ikashuka halali na haramu. Lau la kwanza lingekuwa "msinywe pombe", wangesema hatuiachi pombe kamwe. Mimi hili nalichukua kama mtaala. Mgeni aanze na zile zinazomwambia Mungu ni nani, yeye mwenyewe ametoka wapi na anarudi wapi. Nyingi ziko Juzuu Amma, kuanzia sura ya 78 hadi ya 114. Ni sura 37, na nyingi zinamalizika kwa kikao kimoja.

Bin Subira:
Naheshimu kauli ya ustadh, lakini mimi nina wasiwasi. Mpangilio wa msahafu haukuja kwa bahati. Umma mzima unasoma kuanzia Al-Fatiha na Al-Baqara. Tukianza kuwachagulia wageni sura "nyepesi", hatuoni tunawapa Qur'ani ya vipande?

Ustadh wa Alifu Bee:
Bin Subira, swali lako ni la mtu anayekijali kitabu, Allah akuzidishie. Mpangilio hauguswi na hakuna anayesema uguswe. Lakini kusoma kwa khitma, yaani kuimaliza yote, ni jambo moja na kufundisha ni jingine. Wewe chuoni ulianzia wapi? Bila shaka Al-Fatiha, kisha An-Nas, Al-Falaq, Al-Ikhlas, ukawa unarudi nyuma. Hakuna mwalimu aliyekupa Al-Baqara ukiwa hujui alifu. Huyu wifi naye ni mtoto wa chuo, ila amekuja akiwa mkubwa.

Bin Subira:
Hapo umenishika, ustadh. Kweli nilianzia An-Nas.

Mama Wawili:
Mimi niseme kuhusu mama mkwe wa kaka yako, maana naona wote mmemkimbilia wifi.

Kwanza kushika. Wengi wa wanazuoni wanasema msahafu wa Kiarabu hauguswi bila tohara, yaani bila usafi wa udhu. Tarjuma peke yake, au kitabu cha tafsiri ambacho maelezo yamezidi maandishi ya aya, wengi wamelegeza. Na Mtume (s.a.w.) alimwandikia Heraclius, mfalme wa Roma, barua yenye aya ya 64 ya Al Imran ndani yake, hali yule si Mwislamu. Kwa hiyo mpe tarjuma bila hofu. Na usimjibu kana kwamba ameomba jambo baya. Mama aliyeuliza kwa adabu ajibiwe kwa adabu kuliko yake.

Pili, asome nini. Hapa hatuna haja ya kubuni. Waislamu wa mwanzo walipokimbilia Habasha (Ethiopia), Makureshi, wakubwa wa Makka, wakatuma watu kwa Najashi ili warudishwe. Najashi alikuwa mfalme Mkristo. Akamuuliza Jaafar bin Abi Talib, msemaji wa wale waliokimbia, je, unacho chochote katika hayo aliyokuja nayo Mtume wenu? Jaafar hakuchagua aya ya kubishana. Alimsomea mwanzo wa sura ya Maryam, habari za Zakaria, Yahya, Maryam na Isa. Najashi akalia mpaka ndevu zikalowa. Jaafar alitazama nani yuko mbele yake ndipo akachagua. Mama huyu Maryam anamjua tangu utotoni. Mpe Maryam. Ikimkalia vizuri mpe Yusuf, aya 111, ambayo ndiyo itakayokuwa karibu na ile hadithi ya moja kwa moja anayoitafuta bintiye.

Ila usimfiche. Ndani ya sura hiyo hiyo ya Maryam, aya ya 35 inakataa kwamba Mungu ana mwana. Atafika hapo na atasimama. Mwambie mapema: mama, kuna mahali utakuta tunatofautiana, na mimi siji kukubishia, ukitaka kuuliza niulize. Ukijifanya pale mahali hapapo, akipagundua mwenyewe hatakuamini tena hata kwenye mengine.

Kalamu ya Mwanzi:
Kuhusu tarjuma, tuna neema ya kuwa nayo kwa lugha yetu. Ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ilitoka kamili mwaka 1969, na ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani mwaka 1995. Mimi husoma zote mbili sambamba. Zikitofautiana neno ndipo ninapojua kwamba hapo Kiarabu kina kina, nikamuulize mwenye elimu.

Mweleze pia wifi tofauti ya majina. Kwa Kiswahili cha kila siku tafsiri ni kugeuza lugha, lakini darsani tafsiri ni kufafanua: aya ilishuka lini, kwa sababu gani, inamaanisha nini. Alichopewa yeye ni maneno yaliyogeuzwa, tena bila ufafanuzi. Ndiyo maana akaona kitabu kinarukaruka.

Dada wa Kwanza:
Nimewasoma wote, mara mbili mbili. Jazakumullahu khayran. Mama Wawili, hilo la kutokuficha lilikuwa halijanipitia akilini hata kidogo.

Ustadh, herufi je? Wifi amepata kikaratasi chenye sura fupi kwa herufi za Kilatini na anakipenda. Nimwachie?

Ustadh wa Alifu Bee:
Mwachie kwa swala za sasa hivi, kisimpite mwezi au miwili. Kilatini kinaficha herufi. *Qalbu* ni moyo, *kalbu* ni mbwa, na ulimi wetu unazitamka zote kwa k moja. Aanze herufi sasa, tano kwa wiki, zipo 28 tu. Mswahili tayari ana th ya thelathini, dh ya dhahabu, gh ya ghali na kh ya Alkhamisi, wakati wengine wanazitolea jasho. Zitakazomsumbua ni ayni, ha ya kooni, qafu, na zile nzito, swadi, dhwadi na twa.

Na umwambie hadithi hii ya Mtume (s.a.w.), iko katika vitabu vya Bukhari na Muslim: mahiri wa Qur'ani yuko pamoja na Malaika watukufu, na anayeisoma kwa kukwamakwama, ikimwia ngumu, ana ujira mara mbili. Wanafunzi wangu watu wazima huwa wanasikia aibu mbele ya watoto wa miaka saba wanaosoma mbio. Hadithi hii ndiyo inayowakalisha kitini.

Mpya wa Zamani:
Ninyi mliozaliwa ndani, someni tena sura ya Abasa. Kipofu Abdullah bin Ummi Maktum alikuja akikimbilia kujifunza, Mtume (s.a.w.) akiwa ameshughulika na wakubwa wa Kikureshi, akakunja uso. Aya zikashuka kumzindua kwa ajili ya yule kipofu. Kila nikiifika sura hiyo nasema, Mola wangu aliwajali wanaokuja wakiuliza kabla sijazaliwa. Nakuombea wifi yako aifike.

Dada wa Kwanza:
Nimerudi na mrejesho baada ya wiki tatu.

Tunakaa kila Jumamosi na Jumatano, nusu saa, simu ziko chumba kingine. Tulianza na Al-Fatiha kwa njia ya Mpya wa Zamani, akazikamata neema na ghadhabu mwenyewe kabla sijamwambia. Kisha sura ya Adh-Dhuha. Tulipofika "Mola wako hakukuacha wala hakukuchukia", akaniuliza, "Nani alisema amemwacha?" Nikamweleza kwamba wahyi ulikatika kwa muda na washirikina wakasema Mola wake amemtupa. Akakaa kimya, kisha akasema, "Na mimi wiki zile za kabatini nilidhani hivyo." Hatukuendelea siku hiyo. Tulikaa tu.

Mama alikuja kututembelea. Nikampa tarjuma na kumwambia mapema kuhusu aya ya 35, kama nilivyoshauriwa. Alisoma Maryam kwa sauti, miwani puani, kidole kikifuata mstari. Alipofika aya ya 23, pale uchungu unampeleka Maryam kwenye shina la mtende naye anasema laiti ningekufa kabla ya haya, akaacha kusoma. Akamtazama bintiye. "Nilipokuzaa wewe nilisema maneno haya haya." Aya ya 35 aliifika pia. Akasema, "Hapa ndipo uliponiambia," akaendelea mpaka mwisho, aya zote 98. Ameomba Yusuf.

Ustadh, tumefika herufi ya ha na wifi ananichanganyia ha ya *hamdu* na ha ya *huwa*. Mimi nazitamka tu, kueleza siwezi. Nisaidie.

Ustadh wa Alifu Bee:
Allahumma barik. Ha ya *huwa* inatoka chini kabisa ya koo, pumzi tupu, kama mtu aliyetua mzigo. Ha ya *hamdu* inatoka katikati ya koo, mahali pale pale panapotoka ayni, na koo linabana kidogo pumzi ipite kwa kukwaruza. Mwambie aweke vidole kooni aseme *huwa*, kisha *hamdu*, taratibu, mara kumi kumi. Atahisi koo likikaza kwenye ya pili. Akishaipata hiyo, ayni haitamsumbua.